Reki Iliyovuja Mara Tatu

Toyota Noah nyeupe iliyomuua Ashiraf, dereva wake, ilisimamishwa juu ya magogo manne nyuma ya kituo cha polisi mjini Tororo, na tangu saa moja asubuhi ya Alhamisi Inspekta Resty Asio alikuwa amelala chali chini yake, juu ya gunia. Kabla hajahamishiwa upelelezi alikuwa amekagua magari kwa miaka kumi na moja, na tabia ya kuanza na gari kabla ya watu haikuwa imemtoka.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Jumamosi, saa nne asubuhi, Ashiraf alikuwa akipeleka abiria sita Mulanda. Mbele kidogo ya Kisoko barabara inapinda kushoto kabla ya karavati. Noah haikupinda. Abiria walitolewa na majeraha; Ashiraf alifia kinamasini, kifua kimebanwa na usukani. Wote sita walisema jambo moja, kila mtu kwa lugha yake: dereva alikuwa anavuta usukani huku akisema, "Imekataa, imekataa." Barabarani, mita arobaini kabla ya karavati, kulikuwa na mstari wa mafuta mekundu.

Mafuta hayo yalitoka kwenye reki ya stelingi, lile bomba refu la chuma chini ya injini linalopokea mzunguko wa usukani na kusukuma magurudumu ya mbele. Mafuta ndiyo yanayoufanya usukani kuwa mwepesi. Yakikauka, dereva anabaki na nguvu za mikono yake tu. Reki ya Ashiraf haikuwa mpya. Ilikuwa kuukuu iliyofunguliwa, ikasuguliwa, ikatiwa sili mpya za mpira za kuzuia mafuta, kisha ikauzwa tena. Aliyeitengeneza alikuwa fundi Patroba wa Busia, upande wa Kenya. Ilikuwa imevuja mara mbili kabla ya siku ile, na mara zote mbili Patroba aliichukua na kuitia sili upya bila kudai kitu. Mara ya tatu ilimaliza mafuta Ashiraf akiwa kwenye kona.

Patroba alivuka mpaka mwenyewe Jumatano asubuhi alipoitwa. Tangu hapo alikuwa mahabusu. Kesho saa tatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, na faili lilisubiri sahihi ya Asio tu.

"Afande, mimi nilifunga vizuri," alisema Edimu. Alikuwa fundi wa gereji moja ya hapo mjini, aliyeifunga reki ile kwenye gari mara zote tatu. Alikuwa amechuchumaa karibu na tairi, mikono katikati ya magoti. "Kila nati nilikaza. Hata ukiniamsha usiku ukaniuliza, nitakwambia hivyo hivyo."

"Nitajua sasa hivi. Nipe spana ya kumi na saba."

Alijaribu nati za paipu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyolegea. Akapitisha kidole kwenye mipira inayopeleka mafuta na inayoyarudisha, akatazama kidole. Kilikuwa na vumbi tu. Pampu ilikuwa kavu kwa nje. Kisha akalegeza mpira wa vumbi ulioko mwisho wa reki, ule uliokunjamana kama kinanda cha mkono, na mafuta yakamwagika kwenye beseni, karibu kikombe kizima, mekundu yenye weusi.

"Paipu zako ziko sawa, fundi. Mafuta yametoka ndani ya reki."

Edimu akashusha pumzi. "Basi ni Patroba."

"Ni ndani ya reki. Usinitangulie."

Alitoka chini, akajifuta, akainua boneti. Kikopo cha mafuta ya stelingi kilikuwa mahali pake, kimebakiwa na mafuta kidogo tu, chini kabisa. Chini ya kikopo, kwenye bati la ubavuni, rangi nyeupe ya gari ilikuwa imevimba na kubanduka, ukubwa wa kiganja. Akaikwangua kwa ukucha. Ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa.

"Hapa pameunguzwa na nini?"

"Labda asidi ya betri."

"Betri iko upande ule."

Edimu akatazama betri, akatazama rangi.

"Ulipofunga reki ulitoa mafuta ya zamani?"

"Kila mara. Natoa yote, naosha na petroli, naweka mpya. Hata reki yenyewe naosha kabla ya kuipeleka kwa Patroba, maana yeye hapendi uchafu."

"Mpya unatoa wapi?"

"Inakuja na reki. Hajji Muzafaru, yule wa duka la vipuri Busia, akikuuzia reki ya Patroba, anakupa na chupa mbili. Na Ashiraf alikuwa mdogo wake, yeye alipewa tu."

Asio alinyonya mafuta ya kikoponi kwa bomba la sindano, akayatia kwenye kichupa cha dawa, akaandika tarehe na saa juu ya plasta.

Hakuwa amefunga kizibo wakati Hajji Muzafaru mwenyewe alipoingia uani. Alikuwa mtu wa miaka sitini, kanzu safi, koti la kijivu juu yake. Duka lake la vipuri lilikuwa Busia upande wa Uganda, na hakuna dereva wa barabara ile ambaye hakuwahi kusimama kwenye kaunta yake. Hakuitazama Noah.

"Afande, umetia sahihi?"

"Bado, Hajji."

"Leo ni siku ya sita mdogo wangu yuko kwenye udongo Dabani. Baba yetu alikufa Ashiraf hajatimiza mwaka. Mimi ndiye nilimfundisha kutembea, mimi ndiye nilimfundisha kuendesha." Alisema bila kupaza sauti. "Yule mtu alitengeneza kitu kimoja mara tatu, na mara tatu ilivuja. Unatafuta nini tena?"

"Kwa nini ilivuja."

"Kwa sababu alifanya vibaya."

"Basi nitaliona hilo, na nitatia sahihi."

Hajji aliitika kwa kichwa, akaondoka kwa njia aliyokuja nayo, akizunguka mbali na gari.

Asio na Edimu waliishusha reki. Saa nne kasoro robo ilikuwa juu ya meza ya chumba cha mahojiano, imetandikiwa magazeti, na Patroba ameketi mbele yake bila viatu, askari mmoja mlangoni. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na tano hivi. Asio aliweka mfuko wa vifaa mezani.

"Ifungue."

Patroba alimtazama. "Madam, mnaniamini nifungue ushahidi?"

"Nitakuwa natazama mikono yako, na kamera inarekodi. Hakuna mwingine hapa anayejua kuifungua bila kuikwaruza. Anza."

Alianza. Mikono yake ilitulia mara iliposhika chuma. Alitoa pete ya kufungia, akazungusha kifuniko, akavuta fimbo ndefu ya ndani polepole kama anayetoa mwiba. Akaifuta kwa kitambaa, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha.

"Fimbo haina kutu, haina mkwaruzo. Fimbo ikikwaruzika inakata sili. Hii haijakata kitu. Pitisha ukucha."

Asio akapitisha. Ilikuwa laini kama kioo.

Patroba akatoa sili kwa ndoano ndogo, akaiweka juu ya gazeti. Alichukua sili mpya kutoka kwenye pakiti iliyokutwa mfukoni mwake siku alipokamatwa, akaiweka kando ya ile. Zilikuwa za namba moja, lakini iliyotoka kwenye reki ilikuwa nene zaidi, pana zaidi, na mdomo wake umelegea. Alipoibinya ilibonyea, ikabaki imebonyea.

"Sili mbaya hukauka," alisema. "Inakuwa ngumu, inapasuka. Nimeziona maisha yangu yote. Hii imevimba. Imekuwa kama imepikwa."

"Na zile za mara ya kwanza na ya pili, zilikuwa vipi?"

Patroba aliinamisha kichwa. "Nilizitupa. Nilikuwa na hasira, nikadhani aliyeniuzia sili amenipiga, amenipa mbovu, nikabadilisha pakiti. Sikuziangalia. Fundi anatakiwa aangalie kwanza, madam. Hilo ni langu, sikatai."

"Kwa hiyo inaweza kuwa ni sili mbaya."

"Inaweza." Alisukuma pakiti mbele. "Pakiti hii ilikuwa na sili kumi na mbili. Mbili ziliingia hapa. Mbili zingine ziko kwenye Fielder ya John Paul, dereva wa teksi, pale Busia kwetu. Nilifunga wiki hiyohiyo, kwa mkono huuhuu. Nenda ukaitazame. Ikiwa inavuja, mimi ndiye nilimuua Ashiraf, na kesho sitakusumbua mahakamani. Nitakubali."

Askari wa mlangoni alitazama chini.

Asio aliandika jina la John Paul. Alijua kitu kimoja kinachobandua rangi ya gari na kulainisha mpira wa namna ile kwa wakati mmoja, nacho ni mafuta ya breki. Mafuta ya stelingi hayafanyi hata moja kati ya hayo. Lakini kujua hakukutosha. Palikuwa na pakiti iliyoshukiwa, na palikuwa na chupa za Hajji. Ilibidi moja iondolewe kabla ya kesho saa tatu.

Saa sita alikuwa Busia. Alimpigia mwenzake wa upande wa Kenya, akavuka kwa miguu akiwa na nguo za kiraia, na mwenzake yule akamsindikiza hadi kwenye karakana ya Patroba. Mke wa Patroba, Syprose, alikuwa amekaa mlangoni kati ya reki zilizopangwa kama kuni. Alisimama alipowaona.

"Mmekuja kumchukulia nguo?"

"Tumekuja kumtafuta John Paul."

Syprose hakuuliza kwa nini. Alipiga simu, na baada ya robo saa Fielder ya bluu ikasimama mbele ya karakana. John Paul alikuwa kijana mnene mwenye haraka.

"Inavuja?" Asio alimuuliza.

"Hii? Tangu Patro aifunge haijatoa hata tone. Na nimekimbia nayo Kisumu mara ngapi sijui."

Waliinyanyua kwa jeki. Asio alilegeza mpira wa vumbi wa kushoto, kisha wa kulia, akaingiza kitambaa cheupe kwa kidole. Kilitoka cheupe. Akaomba kitabu cha Syprose cha kazi za karakana, akalinganisha namba ya pakiti ya sili. Ilikuwa ileile. Fielder ilikuwa imetembea wiki saba. Noah ilikuwa imeanza kuvuja baada ya tatu.

"Mafuta ya stelingi yalitoka wapi?"

"Haya hapa," Syprose alisema, akatoa kopo lililofunguliwa. "Patroba hatii mengine. Akiletewa gari zima, anatia haya."

Asio alimimina kidogo kwenye kichupa cha pili. Alipokuwa anaandika plasta, Syprose alisema, "Watoto wananiuliza kama baba yao ameua mtu. Niwaambie nini?"

"Waambie swali hilo linafanyiwa kazi leo."

Halikuwa jibu la kumridhisha mtu, na Syprose hakujifanya limemridhisha. Alimshukuru tu, akarudi kukaa kati ya reki.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo, Busia ya Uganda, mtaa wa nyuma ya msikiti. Jamirah, mjane wa Ashiraf, alikuwa kwenye eda, hatoki nje wala haonani na wanaume wasio ndugu; kwa kuwa Asio ni mwanamke, alikaribishwa hadi chumba cha ndani. Jamirah alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo nyeupe, uso umevimba.

"Pole sana, mama."

"Asante, afande. Kaa."

"Nina maswali machache, halafu nitakuacha. Ashiraf alikuwa mzima wa mwili?"

"Mzima. Ila mkono wa kushoto. Ulivunjika mwaka juzi, haukurudi vizuri. Alikuwa nashika stelingi na mmoja, huu mwingine nasaidia tu." Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Ndiyo maana alitaka stelingi iwe nyepesi. Ile ya zamani ilikuwa ngumu, ilikuwa namchosha. Alifurahi sana kupata ile reki."

Asio aliandika. Sasa aliielewa kona ya Kisoko. Mtu mwenye mikono miwili mizima huenda angeupindisha usukani uliokauka, na kutoka akiwa ameloa jasho. Alama za matairi zilionyesha magurudumu yakianza kupinda, taratibu, mita sita tu kabla ya karavati.

"Alijua inavuja?"

"Alijua. Kila asubuhi yeye nafungua boneti, naongeza. Ile asubuhi pia. Mimi mwenyewe nilimshikia tochi, kulikuwa bado giza kidogo."

"Chupa ipo?"

Jamirah alimwita dada yake, naye akaileta kutoka jikoni. Ilikuwa chupa ya plastiki isiyo na nembo, imebaki nusu, mafuta yake mekundu ya kung'aa.

"Naomba glasi tatu za maji."

Dada yake Jamirah aliziweka chini, mstari mmoja, mbele ya mkeka. Asio alifanya kazi polepole ili wote waone. Katika glasi ya kwanza alidondosha mafuta kutoka karakana ya Patroba. Yalielea juu ya maji, duara jekundu, maji chini yake yakabaki meupe. Katika ya pili alidondosha mafuta aliyoyanyonya kwenye Noah. Kidogo kilielea, kingi kilizama na kutawanyika, na maji yakawa na ukungu. Katika ya tatu alimimina kidogo kutoka chupa ya Ashiraf. Hakuna kilichoelea. Mafuta yaliyeyuka majini kama sharubati, glasi nzima ikawa ya waridi.

"Mafuta ya stelingi hayachanganyiki na maji," Asio alisema. "Ya breki yanachanganyika. Haya ni ya breki, yametiwa rangi. Yakiingia kwenye stelingi yanaharibu sili zote, na kila ukiongeza ndivyo yanavyozidi kuharibu."

Jamirah aliivuta glasi ya tatu karibu yake. "Kwa hiyo tulikuwa naongeza ile ile inayoharibu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nashika tochi."

Dada yake Jamirah akaja kukaa karibu naye, akamshika bega.

"Hii chupa ilitoka kwa Hajji," Jamirah alisema mwishowe.

"Najua."

"Yeye hakujua. Yule hawezi kumfanyia Ashiraf kitu kibaya."

"Hilo nitamuuliza yeye."

"Muulize. Lakini usimwambie mbele ya watu, afande. Nakuomba hiyo moja."

Duka la Hajji Muzafaru lilikuwa na wateja wanne Asio alipofika, saa tisa. Alisubiri wahudumiwe, mmoja mmoja, hadi wa mwisho akatoka na mkanda wa feni. Kisha akarudisha mlango.

"Umetia sahihi?" Hajji aliuliza.

"Nionyeshe mafuta ya stelingi."

Yalikuwa kwenye shelfu ya nyuma, chupa thelathini na kitu, zote hazina nembo. Chini ya kila safu kulikuwa kumetandikwa gazeti. Asio aliinua ukingo wa gazeti. Shelfu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, lakini pale mafuta yalipokuwa yamechuruzika rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, mbao ikabaki wazi.

"Ulinunua wapi?"

"Kwa watu wa mapipa. Lori inasimama, wanashusha, inakwenda."

"Jina?"

"Hawa watu hawana jina."

"Lini?"

"Baada ya Ramadhani. Pipa moja. Mimi nilijaza kwenye chupa."

"Reki ya Ashiraf ilifungwa kabla au baada?"

"Baada." Alifikiri. "Wiki mbili baada."

Asio alichukua kikombe cha maji kilichokuwa kwenye kaunta, akafungua chupa moja ya shelfuni, akamimina kidogo. Maji yakawa ya waridi. Alikisogeza kikombe mbele ya Hajji bila maelezo. Mtu aliyeuza vipuri miaka ishirini na sita hakuhitaji kuelezwa. Hajji alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni ya breki," alisema.

"Ulipoijaza kwenye chupa hukunusa?"

"Ilikuwa na rangi. Macho yaliona nyekundu, nikaamini macho."

"Gazeti uliliweka lini hapa?"

Hajji alifuta kidole kwenye koti. Nje, pikipiki zilipita zikielekea mpakani.

"Mwezi wa pili wa kuuza," alisema. "Niliona rangi inatoka. Nikasema hii mafuta ni kali. Nikaweka gazeti."

"Ashiraf alisema nini ilipovuja mara ya pili?"

Hapo ndipo alipotafuta kreti ya kukalia. Aliipata kwa kupapasa, akaketi, kanzu ikagusa sakafu yenye grisi na hakuiinua.

"Alikuja hapa, akasimama hapo uliposimama. Akaniambia, 'Kaka, nafikiri labda ni mafuta.' Nikamwambia asiniletee maneno ya mafundi, mimi nauza hii mafuta kwa kila mtu. Nikamwambia Patroba ndiye hajui kazi. Nikampa chupa zingine tatu." Alifuta uso kwa kiganja. "Alizichukua. Hakuwahi kunibishia, tangu mdogo."

"Utakuja nami Tororo, Hajji, kuandika maelezo. Pipa na chupa zote vinakuja pia."

"Nitakuja. Na Patroba?"

Asio alikuwa ameshatoa simu. Aliongea na zamu ya kituoni kwa sauti ya kawaida. Patroba arudishiwe viatu na simu yake, atolewe sasa hivi, si kesho. Na faili lisipelekwe popote mpaka afike. Kisha akamwomba askari ampe Patroba mwenyewe simu.

"Fielder haivuji," alimwambia. "Ni mafuta. Ya breki, yametiwa rangi."

Patroba akauliza, "Kuna magari mangapi yenye mafuta hayo?"

"Ndilo ninalokwenda kuuliza."

"Waambie wasitembee nayo hata kidogo, madam. Wasiongeze, wasijaribu. Mimi nina sili. Nitaanza na watakaokuja."

Asio alikata simu, akamgeukia mtu aliyeketi kwenye kreti.

"Uliuza chupa ngapi?"

"Zaidi ya mia."

"Kwa nani?"

"Wengine walipita tu. Wengine nawajua."

"Unaowajua, wapigie sasa. Wewe, si mimi. Nikipiga mimi watadhani ni polisi anayetafuta kitu."

"Nitasema nini?"

"Kilichotokea."

Mtu wa kwanza aliyempigia alikuwa Swabur, mwenye lori dogo. Hajji alizunguka kwa maneno, akauliza habari za nyumbani, akaanza kusema kuna shida ya mafuta, akakwama. Asio aliendelea kuhesabu chupa na kuzipanga kwenye katoni. Swabur aliuliza mara mbili ni shida gani, ndipo Hajji akasema mafuta aliyomuuzia si ya stelingi, asiendeshe gari. Wa pili alikuwa Truphena wa teksi ya Malaba. Wa tatu hakupokea; Hajji akampigia mkewe. Wa nne, wa tano. Kila mara maneno yalipungua na kunyooka zaidi. Kwa wa sita alisema moja kwa moja: mafuta niliyokuuzia yalimuua Ashiraf, acha gari hapo ilipo.

Wa saba alikuwa Maggie, mwalimu wa Dabani, mwenye gari dogo alilonunua mwaka huu. Hajji aliweka simu kwenye spika ili aweze kushika kaunta. Ilipopokelewa, mlio wa injini ulisikika.

"Uko wapi, Maggie?"

"Niko njiani, Hajji, nampeleka mama kliniki. Ningekupigia jioni. Leo stelingi imeanza kuwa nzito, nilitaka uniwekee chupa nyingine."

Hajji alisimama. Asio aliacha chupa aliyokuwa ameishika.

"Nisikilize, mwanangu. Usikate kona. Toa mguu kwenye mafuta, iache ipungue yenyewe. Kuna mahali pa kusimama hapo mbele?"

"Kuna, karibu na kinu."

"Ingia hapo. Polepole. Ingia na simama."

Kwenye simu walisikia injini ikishuka, sauti ya mama mzee ikiuliza kuna nini kwa Kisamia, kisha tairi zikisaga changarawe kwa muda ulioonekana mrefu. Injini ikazimwa.

"Nimesimama," Maggie alisema. "Hajji, kuna shida gani?"

Hajji Muzafaru alishika simu kwa mikono yote miwili, akaketi tena juu ya kreti, akamwambia.